Pombe ya Kumshukuru Mwenye Linux

Baba yangu aliuza dume la ng'ombe ili ninunue kompyuta, na kompyuta ikafa kabla sijachapa nayo ukurasa hata mmoja wa kazi. Nalisema hili mapema ili ieleweke tangu mwanzo tulivyokuwa tumekaa: dume limeshakwenda, na mashine haiwaki.

Kwetu Mwakiro, nchini kwa Warundi, mtu akiuza dume, watu huuliza kama anaozesha au anazika. Baba aliwajibu kwamba anamnunulia binti yake mashine ya kuandikia. Waliitikia kwa adabu, kisha wakaenda kuchekea kwenye pombe. Mmoja wao alisema mzee amebadilisha ng'ombe kwa sahani, maana kompyuta ikiwa imefungwa ilifanana kweli na sahani kubwa ya bati. Maneno hayo yalinifikia kabla jua halijazama, na niliyanunia sana.

Mpango wangu mwenyewe haukuwa na kasoro. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya uhazili kule Gitega, pale Mushasha, ambako walinifundisha kuchapa bila kutazama vidole na kukaa wima bila kulalamikia mgongo. Koperative ya wakulima wa kahawa ya hapa kwetu ilikuwa imeniahidi kazi zake zote za kuandika, ambazo zamani zilipelekwa Muyinga mjini na kurudi zimelowa mvua. Chumba kilikuwepo, kile cha mbele cha nyumba yetu. Printa ya mtumba ilikuwepo. Umeme wa jua ulikuwepo, jua lenyewe likipenda. Ilibaki kompyuta tu.

Niliinunua Gitega kwa mfanyabiashara aliyeapa kwa watoto wake kwamba imetoka Ulaya moja kwa moja. Huenda ilitoka Ulaya, ila njiani ilikuwa imelala nyumba nyingi. Ndani yake alikuwa ameweka Windows ya kughushi, na pamoja nayo kila kirusi kilichokuwa kinatafuta makazi. Nilipoifikisha nyumbani iliwaka, ikapiga muziki, ikafungua dirisha la kudai leseni, ikafungua jingine lenye msichana ambaye hakuwa amemaliza kuvaa, mbele ya baba, kisha ikazimika. Nilipoiwasha tena ikatoa ukurasa mweusi wenye sentensi moja ya Kifaransa. Baba hajui Kifaransa, lakini aliielewa haraka kuliko mimi.

"Imekufa," akasema, akatoka nje kwenda kutazama zizi.

Hapa lazima nimweleze baba, la sivyo yaliyofuata yataonekana ni wazimu mtupu. Baba ana ugonjwa mmoja: hawezi kulala na shukrani ya mtu kifuani. Ukimpa chumvi asubuhi, jioni yuko mlangoni kwako na kibuyu. Wanaomjua wanasema alizaliwa hivyo, mimi nadhani kambi ndiyo iliyomzidishia. Miaka yote tuliyoishi Tanzania ukimbizini alipewa mahindi, maharage, mafuta na mablanketi, na hakuna siku aliyojua ni nani hasa aliyempa. Vilikuja kwa lori, lori likaondoka. "Mtu aliyepewa na lori," alizoea kusema, "atamshukuru nani? Tairi?"

Amani iliporudi nasi tukarudi. Mama hakurudi, tulimwacha kule chini ya udongo wa kambi, na kambi ilipofungwa baba alisema mara moja tu kwamba sasa juu yake watapanda mahindi. Hakusema tena. Mwakiro tulikuta shamba letu lina mtu, aliyepewa na wakubwa wa enzi zile, naye ameshajenga, ameshapanda kahawa, ameshazaa na kuozesha. Wazee na viongozi wakakaa, wakaligawa shamba katikati, wakapanda mpakani ua wa miyenzi, ile minyaa ya utomvu mweupe. Tangu siku hiyo baba na jirani yule wakawa wanasalimiana kila asubuhi juu ya ua kwa heshima kubwa ya watu ambao hawajawahi kukaa benchi moja.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Kaburi la bibi, mama yake baba, lilikuwa katikati ya shamba lile. Miaka yote jirani alipolima, alilizunguka. Tulipofika tulilikuta limepaliliwa, limezungushiwa mawe. Baba alilitazama siku ile ya kwanza akakohoa. Utamshukuruje mtu ambaye jembe lake liko kwenye shamba lako? Basi shukrani ile ilimkaa baba kooni, yeye ambaye hakuweza kulala na deni la chumvi, na ilimfanya awe mkali kwa kuku.

Nikaibeba maiti ya kompyuta kuirudisha Gitega. Yule mfanyabiashara alikuwa amehama kibanda, kama nilivyotarajia. Wakanielekeza kwa fundi mmoja karibu na soko, Mwislamu wa mjini, wa ukoo wa mafundi cherehani, ila yeye alikuwa ameacha nguo akashika redio na kompyuta. Alikuwa na maneno mengi kuliko vyombo, na Kifaransa kidogo ndani yake. Aliifungua mashine yangu, akaitazama kidogo, akacheka.

"We dada, hii mashini haijakufa. Iko na ugonjwa tu. Windows yenye walikuwekea ni ya kuiba, donc na wezi wengine waliingia nyuma yake."

"Sasa nifanye nini?"

"Mi nitakupatia Linux, ya kuweka mahali pa hiyo Windows. Iko ya bure, na si ya kuiba."

"Bure kivipi? Kuna nini ndani yake?"

"Bure! Watu walikaa wakaitengeneza, wakasema twaeni, tumieni, fungueni mutazame vile tumefanya, mupatie na wengine. Voilà. Shida ni moja tu. Iko mingi."

Akatoa flashi tatu zilizofungwa pamoja kwa uzi wa cherehani. Akanieleza kwamba ndani ya kila moja mna Linux ya aina yake, na kwamba naweza kuionja kama mchuzi: unachomeka flashi, unawasha, unatembea humo ndani unavyotaka, na ukichomoa, mashine inasahau kila kitu. Sikuamini kwamba kuna kitu duniani unaweza kukitumia bila kukiharibu. Nikakaa kwenye stuli yake nikaanza kuonja.

Ya kwanza, iliyoitwa Mint, ilikuwa nzuri mno, madirisha yake yanateleza kama yamepakwa mafuta, lakini mashine yangu iliibeba kwa shida, feni ikalia hadi wapita njia wakageuka. Ya pili ilikuwa nyepesi, imewaka kabla sijakaa sawasawa, ila vitufe vyake vilikuwa vidogo kama punje za mtama. Ya tatu, Debian, haikujipamba kabisa. Ilikuwa na alama ya mzunguko mwekundu kama konokono na sura nzito ya mwalimu wa nidhamu. Asubuhi fundi aliniambia Debian ndiyo yenyewe, nyingine zote ni watoto wake. Baada ya kula akaniambia nichukue Mint, Debian ni ya wazee. Alipoamka kwenye usingizi wa mchana akarudi kwenye ile ya pili, nyepesi.

"Wewe mwenyewe unatumia ipi?" nikamuuliza.

Akajikuna shingo. Akageuza kompyuta yake kidogo ili nisione vizuri, lakini nilishaona. Ilikuwa Windows.

"Hii iko na michezo ya watoto," akasema. "Mi nahubiri, dada. Si kila mwenye kuhubiri iko mbinguni."

Kesho yake nikarudi kuonja tena. Nilikuwa nimelala kwa rafiki kule Mushasha, na usiku kucha nilikuwa naota konokono na punje za mtama. Baba akapiga simu kuuliza kama maiti imefufuka. Nikamweleza kwamba bado nachagua, kwamba kuna tatu na kila moja ina uzuri wake. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema, akakata simu.

Nikachagua Debian. Koperative haikuhitaji madirisha yanayoteleza, ilihitaji kitu kisichokufa. Fundi akanipa na flashi yenyewe. Nilipoingiza mkono kwenye mkoba akaupiga kofi mkono wangu. "Acha hizo. Mi nilipewa, na we nakupatia. Ndiyo vile iko."

Nilitaka kuisakinisha mwenyewe, nyumbani, ili waliosema sahani waone. Kwa kweli hakuja mtu kuona isipokuwa baba, aliyeleta stuli yake akakaa kando yangu kama anasubiri ng'ombe azae. Mashine ikaanza kuuliza maswali. Lugha gani? Nikachagua Kiingereza, kwa kuwa Kifaransa changu kilikuwa cha salamu na mitihani, cha kuzungumza na mashine sikuwa nacho. Kisha ikauliza niko nchi gani.

Nikabonyeza Tanzania. Sikufikiri hata kidogo. Tangu nilipojua kuandika, kila karatasi iliyoniuliza niko wapi nilikuwa naijibu Tanzania, na iliyoniuliza mimi ni nani naijibu Mrundi, na vidole vilikuwa havijapata habari kwamba mambo yamebadilika. Tumerudi, tuna nyumba, baba amekaa kando yangu juu ya udongo wa baba yake, nami naitangazia kompyuta kwamba tuko ng'ambo. Ikakubali bila kusita. Ikanitaka neno la siri, nikaandika "amani", kwa kuwa hali ya nchi ilinituma hivyo. Neno lenyewe halikuonekana, vilitokea vidoti tu. Ikafanya kazi zake, jua likaniunga mkono, ikawaka.

Nilipiga vigelegele peke yangu. Baba akatazama saa ya kompyuta, akainamia mlango akatazama jua, akasema mashine hii ina haraka kuliko Mungu. Ilikuwa mbele saa nzima, maana yenyewe ilikuwa inaishi Tanzania. Nikafungua ukurasa mweupe ili nimwandikie baba neno la kwanza. Nikabonyeza herufi za "amani", moja baada ya nyingine, bila kutazama vidole kama nilivyofundishwa. Ikatoka q;qni.

"Hiyo ni lugha gani?" baba akauliza.

Nikampigia fundi. Kibodi yangu ilikuwa ya Kifaransa, vitufe vimepangwa kivyao, na mashine iliyodhani iko Tanzania ilikuwa inavisoma kwa mpangilio wa Kiingereza. Fundi alicheka hadi nikasikia simu yake imeanguka.

"We dada, ulirudi mwaka gani? Mwili iko Mwakiro, kichwa ingali kambini!"

Nilitamani kumpiga kofi kwa njia ya simu. Lakini akanielekeza pa kubadilisha kibodi na saa, nikabadilisha, nikaizima na kuiwasha kwa ushindi. Ikaniomba neno la siri. Nikaandika "amani". Ikakataa. Nikaandika tena taratibu, ikakataa. Kibodi ilikuwa imesharudi nyumbani, lakini neno la siri lilibaki Tanzania peke yake, kama mtu aliyekosa lori la kurudi. Ilitubidi mimi na fundi tufikiri sana kabla ya kung'amua kwamba neno langu la siri halikuwahi kuwa "amani" hata siku moja, lilikuwa lile lile la q;qni. Nikaliandika hivyo, mlango ukafunguka. Nimeshalibadilisha, msijisumbue.

Basi nikachapa jina la baba na jina la kilima chetu, maana kwetu kijiji ni kilima, kwa herufi kubwa, printa ikakoroma, ikatoa ukurasa. Baba akaushika kwa ncha za vidole, akausogeza mbali, akausogeza karibu. Nilimwona anafurahi na mimi nikafurahi hadi nikasikia machozi. Dume limelipa, niliwaza. Ndipo akauliza swali lililoharibu kila kitu.

"Huyo aliyeiponya umempa nini?"

"Hakutaka kitu, baba. Ni bure."

Akaiweka karatasi chini. "Bure ya nani? Nani ametoa?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wengi. Wako dunia nzima. Kila mmoja alitengeneza kipande chake. Wengine hawajuani hata kwa sura."

"Walikutana wapi wakaamua kukupa wewe?"

"Hawakunipa mimi, baba. Wamempa kila mtu."

Baba akainuka. Akaifunika kompyuta kwa kiganja, polepole, kama mtu anayefunga macho ya marehemu.

"Basi ni lori," akasema. "Limekufuata hadi huku."

Nikamwambia kutoa ni moyo. Akanijibu kwamba anajua, na kwamba kupokea ni mdomo: unasema asante, mtu akakusikia. Nikamwambia naweza kuwaandikia watu wale asante kwa intaneti, hapo hapo, ikawafikia kabla hajafunga mlango. Akasema asante isiyo na pombe ni kikohozi. Kwetu mtu aliyepewa ng'ombe hutengeneza pombe, humwita aliyempa, humshukuru mbele za watu, na mtoaji akishakunywa ndipo maziwa yanakuwa yako kweli. Kabla ya hapo unakamua ng'ombe wa mtu. Baba akaamua kwamba hakuna karatasi ya koperative itakayochapwa juu ya mashine ile hadi mwenye Linux anywe. Nilimjua. Angeweza kuitazama ikiwa imefunikwa hadi sote tuzeeke.

Nikamchukia kwa dhati, nasema kweli. Koperative ilikuwa imeshatuma mtu kusema kwamba msimu wa kahawa unafunguliwa, na kama siko tayari watarudi Muyinga mjini kama zamani. Nikafanya jambo pekee nililoweza: nikampigia tena fundi, nikamwomba amtulize baba kwa uongo wowote wa heshima.

"Mbona uongo?" akasema. "Mwambie mi ndiye naiwakilisha."

"Nani alikuchagua?"

"Nani alinikataza? Gitega yote hadi Giheta, mwenye kuigawa ni mimi. Nipatie mzee."

Baba akaishika simu kwa mikono miwili. "Wewe ndiye uliyempa binti yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe ulipewa na nani?"

"Na mtu wa Bujumbura."

"Na yeye?"

"Alipewa Nairobi, mzee. Na wa Nairobi sijue, labda Ulaya. Imetembea kutoka mtu kufika kwa mtu."

Niliona uso wa baba unalegea. Kitu kinachotoka mkono hadi mkono alikijua. Ng'ombe wake mwenyewe alikuja hivyo, na ndama jike wa kwanza aliondoka hivyo, kwenda kwa kaya nyingine, maana ndivyo ulivyokuwa mpango wa ng'ombe kwetu sisi tuliorudi. "Basi huyu nimempata," akasema, akanirudishia simu. "Huyu si lori. Mwambie aje."

Akakata mikungu, akafukia ndizi zikaiva, akazikamua kwa majani kwa mikono yake, akachanganya na unga wa mtama wa kukaanga, akaufunika mtungi. Kilima kizima kikaalikwa kuja kumwona mwenye Linux. Wengi walidhani ni kabila la Ulaya. Jirani wa ng'ambo ya ua naye akaalikwa, kwa kuwa huwezi kualika kilima ukamruka mtu ambaye moshi wako unaingia jikoni kwake.

Siku ilipofika watu walijaa uani. Jirani alikuja amevaa koti, akakaa kwenye ncha ya benchi lililo karibu na miyenzi, na kwa kuwa kila mtu alijua habari ya shamba, benchi lile likabaki lake peke yake. Kompyuta iliwekwa juu ya meza ndogo katikati, imefunikwa kitambaa cha altareni kanisani alichokishona shangazi yangu. Fundi alitoka Gitega kwa basi, na Muyinga mjini akapanda pikipiki, akafika, vumbi hadi kwenye kope, amevaa kofia nyeupe na suti ambayo kwa vyovyote ilishonwa na ndugu zake. Baba akamwonyesha kiti cha heshima, kilichokuwa juani. Fundi akakitazama kile kiti, akatazama kivuli cha miyenzi.

"Mzee, mi pale ndiyo pazuri," akasema, akaenda kukaa kwenye benchi kando ya jirani. Haikupita muda walikuwa wanazungumza habari za redio iliyokatika antena. Watu wakatazamana.

Baba akasimama na kuweka mtungi mbele ya mgeni. Akachomeka mrija mmoja tu, kama desturi, maana mtoaji hunywa kwanza na peke yake. Akampa ncha ya mrija. Fundi akautazama mtungi, akanitazama mimi, na hapo ndipo kilipotujia sote wawili kwa pamoja kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria katika maandalizi yote yale.

"Mzee," akasema taratibu, "mi ni Mwislamu. Mi sinywi pombe."

Watu wote uani wakageuka. Mtoaji akikataa kunywa, maana yake amekataa shukrani, na aliyekataa shukrani anataka ng'ombe wake. Baba alibaki ameinama, mkono uko kwenye mtungi. Mtu mmoja akapendekeza Fanta. Baba akamtazama hadi akaomba radhi. Nikaiona koperative inapanda gari la Muyinga, na dume letu linapotea kwa mara ya pili.

Fundi, maskini, alitaka tu kuokoa hali. "Desturi haikubali mtu aninywie?" akauliza. "Mu mahali pangu?"

Mzee mmoja akasema inakubali. Mtoaji anaweza kumpa mrija mtu mwingine, na atakayepewa amekuwa yeye, na shukrani anaambiwa yeye.

"Ebe, si hivyo!" fundi akasema kwa furaha. Akageuka, akampa mrija mtu aliyekuwa kando yake. "Mubanyi wangu," akamwita, yaani jirani, "unisaidie."

Fundi hakujua kitu cha habari ya shamba. Angejua wapi? Jirani aliushika mrija kwa kuwa ulikuwa umeshafika mkononi mwake, na akamwangalia baba, na baba akamwangalia.

Baba akanyooka. Akaanza maneno ya kushukuru kama yanavyosemwa, kwa Kirundi, kwa sauti ya juu: ulinipa sikukuomba, ulinipa hunijui, leo natoka kwangu nikutaje mbele za watu. Akafika hapo akakwama. Yaliyobaki yalikuwa ya kusifu ng'ombe, pembe zake na maziwa yake, na tulikuwa tumekubaliana kwamba mahali pa pembe atataja kibodi. Hakutaja kibodi.

"Kaburi la mama," akasema, kwa sauti ya kawaida. "Hukulilima. Ulilipalilia. Nililiona siku ile niliyofika, na sikukwambia kitu hadi leo. Asante."

Jirani aliinamisha kichwa akavuta pombe kwa mrija, akavuta muda mrefu, nadhani ili asionekane uso. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa mkono wa koti.

"Mama yako alikuwa jirani yangu na mimi," akasema. "Sikuwa na kaburi la wangu la kupalilia hapa."

Baba akachukua mrija wa pili, akauchomeka mtungini, akakaa kwenye benchi lile. Watu wakapumua, mirija mingine ikaja, kelele zikaanza. Fundi alinivuta mkono, ananong'ona. "Dada, donc Linux imekubaliwa ao haijakubaliwa?" Nikampa Fanta yake. Nilikuwa nalia na kucheka.

Asubuhi yake niliifunua kompyuta nikaanza karatasi za koperative, na hakuna aliyenizuia. Baba akaingia akaomba flashi.

"Ya nini, baba?"

"Humo kwenye mashine imeshaingia, au bado?"

"Imeshaingia."

"Basi huyu ni ndama. Anakwenda kwa jirani."

"Baba, jirani hana kompyuta. Hana hata umeme."

"Na mimi sikuwa na ng'ombe nilipojenga zizi," akasema.

Akaifunga flashi kwenye kitambaa safi. Hakuzunguka kwa njia ya barabara. Alichukua panga, akakata miyenzi michache pale benchi lilipokuwa, akapita. Mpaka leo flashi ile inaning'inia ukutani kwa jirani kwenye msumari mmoja na rozari, na ule uwazi kwenye ua hakuna aliyeuziba.